Siku tano Unguja natafuta mstari mmoja kwenye daftari la ubatizo

Alhamisi

Boti ilikuwa ya saa tatu na nusu ila saa moja asubuhi nilishafika Posta, nikaona kabla ya kwenda bandarini nipite kwanza Azania Front nisali. Mlango ulikuwa wazi, mama mmoja anapiga deki, nikakaa benchi la nyuma. Lile kanisa Wajerumani walianza kulijenga 1898 na ukitoka nje tu bandari hiyo hapo mbele yako. Nimeimba mle miaka mingi na kwaya tofauti tofauti lakini sikuwahi kukaa nikawaza kwamba kutoka pale mpaka Unguja ni kama saa mbili za boti, na Unguja iko ndani ya dayosisi yetu hiihii ya Mashariki na Pwani, ila ukimuuliza Mlutheri wa Dar habari za Walutheri wa Zanzibar anakuangalia kama umemuuliza habari za Walutheri wa Oman.

Mimi nimebatizwa Zanzibar, ndo maana naenda. Baba alikuwa fundi wa simu, Mmachame, akahamishiwa Unguja miaka ya 1980, mi nikazaliwa huko, nikabatizwa huko, na tukaondoka nina miaka miwili kwa hiyo sina kumbukumbu yoyote. Cheti kikapotea kwenye kuhamahama. Mwaka jana baba akafariki na siku ya tatu ya msiba tumekaa na shangazi tunachambua mchele akasema, "Wewe mwanangu ulibatizwa sebuleni, na maji alileta jirani Muislamu." Nikamuuliza shangazi, sebuleni kwa nani? Hajui. Jirani gani? Hajui. Baba ndo alikuwa anajua na baba hayupo tena. Toka siku hiyo sikutulia.

Baharini kusi ilikuwa kali, watu walitapika sana, mi nilikuwa na tangawizi mkononi natafuna mpaka Malindi, bandari ya Unguja mjini. Mwenyeji wangu ni mama wa umoja wa wanawake, tulifahamiana kwenye semina Dar, kanipokea getini na mtandio wake kichwani na kitu cha kwanza kuniambia, "Hapa mwanangu ukipita mbele ya baraza salimia, anza na asalaam aleikum, usipite kimya." Tukapanda daladala kwenda kwake, jioni tukala urojo na boflo. Nililala mapema.

Ijumaa

Leo nilizunguka mjini. Nilianzia Mkunazini, si kanisa letu ni la Waanglikana, ila huwezi kuongelea Ukristo wa mji huu ukaliruka. Limesimama pale palipokuwa na soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 enzi za Sultani Barghash na mwaka huohuo wakaweka msingi. Askofu Steere aliyesimamia ujenzi amezikwa nyuma ya altare, na kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ule mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Nje kuna shimo la saruji lenye sanamu za watu watano, kazi ya mchongaji wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na minyororo waliyofungwa shingoni ni minyororo halisi ya zamani. Wao wako shimoni na wewe unasimama juu unawaangalia kwa chini, yaani umesimama mahali alipokuwa anasimama mnunuzi. Nilishindwa kupiga picha. Kuna familia ya Wazungu walikuja wakaondoka, wakaja wanafunzi wa skuli na mwalimu wao, mi bado nimekaa.

Sasa swali langu lilikuwa hili, kama Waanglikana wako hapa toka enzi hizo, na Wakatoliki wana St. Joseph yao ya minara miwili kule karibu na Shangani iliyojengwa na Wafaransa miaka ya 1890, sisi tulikuwa wapi? Nimelisomea hili jambo kwa muda na jibu lake linaniuma mpaka leo kwa sababu sisi tulikaribia kabisa. Januari 1844 alishuka Unguja Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg, Mlutheri, ingawa waliomtuma walikuwa CMS, shirika la wamisionari la Waanglikana. Akaenda mbele ya Sayyid Said. Na Sayyid Said, mtawala Muislamu mwenye pwani yote mkononi, akampa barua kwa maliwali wake wamsaidie huyu mtu popote apitapo. Krapf akaelekea Mombasa, Julai ya mwaka huohuo akamzika mke wake Rosine na mtoto mchanga, akabaki peke yake anajifunza Kiswahili na kutafsiri mpaka 1846 mwenzake Rebmann alipomfikia. Unguja kwake ilikuwa njia tu.

Wakaja wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald walianza biashara hapa 1849, na hao wengi wao bila shaka walikuwa Walutheri wa kuzaliwa ila walikuja kwa simbi za baharini na pembe za ndovu, habari za kanisa hazikuwa zao. 1887 akaja Frieda von Bülow kutoka Ujerumani kwa shughuli za uuguzi, na mwaka huohuo mmisionari Greiner akafika Dar na kazi ya Kilutheri ikaanza upande ule. Unaona ilivyokuwa inakaribia? Alafu 1890 Waingereza na Wajerumani wakasaini mkataba kule Berlin, Wajerumani wakachukua kisiwa cha Heligoland na wakakubali Zanzibar iwe chini ya Mwingereza. Basi. Wamisionari wa Kijerumani wakabaki Bara na kazi yao, Uzaramo, Usambara, Kilimanjaro, kusini kule, na ndo maana kwetu Machame kila kilima kina kengele yake na hapa mjini ukiliulizia kanisa letu, mtu wa tatu ndo anakuelekeza.

Mchana mji ulinyamaza wakati wa Sala ya Ijumaa, maduka ya Darajani mengi yalifungwa, nikakaa kwenye baraza ya nyumba moja nikisubiri na bibi wa nyumba hiyo akanitolea maji ya kunywa bila kuniuliza mi nani. Jioni tukapita Michenzani, yale maghorofa marefu ya Wajerumani, hawa sasa Wajerumani Mashariki waliokuja kusaidia baada ya Mapinduzi. Mwenyeji wangu akaniambia humo ndani kuna jumuiya yetu na kesho alfajiri tunasali humo. Nilifurahi sana.

Jumamosi

Saa kumi na mbili kasoro tuko ngazini ghorofa ya nne, viatu tumeacha mlangoni. Watu kumi na mmoja kwenye sebule ndogo, pazia limefungwa, feni inapiga kelele. Mapambio yanaimbwa kwa sauti ya chini sana, karibu kunong'ona, kwa sababu ukuta ni mwembamba na jirani ana mtoto mchanga. Mi nimezoea jumuiya za Dar ambazo tunaimba mpaka mtaa wa pili wanasikia, na nilidhani nitapungukiwa kitu lakini ule unyamavu ulinishika koo, ukisikia watu wazima kumi na mmoja wanaimba sauti nne kwa kunong'ona na besi inatetemeka tu kama injini ya mbali, hutasahau. Baada ya sala kila mmoja akajitambulisha na nikaanza kuelewa hili kanisa ni la akina nani. Askari polisi wawili. Wa forodha mmoja. Nesi. Dada wa benki. Vijana watatu wa mahotelini Nungwi ambao wakipata zamu ya usiku wanasafiri alfajiri kuja. Mpare, Msambaa, Mhaya, Mchaga, Mnyakyusa. Hakuna aliyezaliwa hapa isipokuwa mimi, na mi ndo mgeni.

KKKT yenyewe, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, imezaliwa Juni 1963 makanisa saba yalipoungana, Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wa kwanza, na Aprili 1964 ukaja Muungano. Hapo watu wakaanza kuhamishwa kuja huku na huku, jeshi, polisi, posta, forodha, na kila Mlutheri aliyehamishwa alikuja na kitabu chake cha nyimbo kwenye sanduku. Walutheri wa Unguja ninaowafahamu wote wameletwa na barua ya uhamisho wa kazi na barua hiyohiyo inawaondoa.

Saa nne tukaenda ofisini kwa mwinjilisti. Yeye alishanitafutia. Daftari kubwa la jalada gumu jeusi, mgongo umeshikwa na gundi ya karatasi, kurasa zimepata rangi ya chai pembeni. Mistari imepigwa kwa rula: namba, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, wasimamizi, mahali, mchungaji, na mwisho kabisa safu nyembamba imeandikwa "maoni". Nikaanza kusoma ile safu ya maoni kabla hata sijatafuta jina langu. Amehama Dodoma. Amehama Arusha. Amehama. Amehama Mbeya. Amehama na wazazi. Ukurasa mzima amehama, amehama, mwandiko unabadilika tu kadiri wainjilisti walivyobadilika maana na wao walihama. Mwinjilisti akaniambia, "Dada, hapa kila baada ya miaka michache wazee wa kanisa wanakuwa wapya, mwenyekiti wa kwaya mpya, mweka hazina mpya. Ukiuliza hii meza ilinunuliwa lini hakuna anayejua." Yaani historia ya usharika inapanda boti na watu wake kila mwaka, kinachobaki ni hili daftari ambalo mchwa na unyevu wa pwani wanalitamani.

Nilijikuta kwenye ukurasa wa kumi na kitu, wino wa bluu, jina langu limeandikwa na herufi moja pungufu. Jina la baba. Jina la mama. Wasimamizi wawili. Mahali: nyumbani, Kikwajuni, na chini yake kwa herufi ndogo jina la mwenye nyumba. Maoni: amehama. Nikaweka kidole kwenye jina la baba na machozi yakanitoka, mwinjilisti akatoka nje akaniachia chumba.

Mwenye nyumba naye alikuwa msimamizi wangu, na familia yake ilisharudi Bukoba zamani. Ila mwinjilisti alikuwa na wazo, akampigia simu mzee mmoja mstaafu wa bandari anayeijua Kikwajuni yote, na saa kumi tuko watatu tunahesabu milango. Nyumba ipo, bati limebadilishwa, wapangaji ni wengine. Mlango wa pili yake tukabisha, hodi hodi, akatoka mama wa makamo amejitanda kanga. Tukamsalimia, mzee akamueleza. Akanitazama.

"Wale Wabara wakiimba Jumapili?"

Ndio mama.

"Nawakumbuka, mi nilikuwa mwari. Mama yangu ndo akiwapa maji, mfereji ulikuwa kwetu tu mtaa wote huu. Wakija na ndoo. Siku wakiwa na mtoto wa kumtia maji mama akinambia nioshe ndoo kwa sabuni kwanza, maana hayo ni maji ya ibada ya watu."

Nikamuuliza mama yuko wapi. "Mama keshakwenda mbele ya haki." Nikampa pole, akanipa pole ya baba, tukakaa kimya wote. Alafu akanishika mkono akanipeleka uani kunionyesha mfereji, yaani bomba la maji. Upo! Wa shaba, umechakaa mpaka maandishi yamefutika, shingo yake imefungwa kipande cha kanga kuzuia usivuje, chini kuna ndoo ya plastiki ya njano inapokea tone, tone. Nikaufungua kidogo nikanawa uso. Akatuwekea chai ya mkandaa na mkate wa ufuta na hatukuruhusiwa kuondoka mpaka tumemaliza.

Jumapili

Ibada saa tatu. Getini wanakagua mifuko, kijana mpole kabisa anaomba radhi kwa kila mtu. Mzee mmoja akaniambia utaratibu kama huu ulikaza zaidi baada ya ile miaka mibaya ya 2012 na 2013, makanisa yalichomwa, na 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi wa Wakatoliki akauawa kwa risasi Jumapili asubuhi akienda kuongoza misa. Alisema siku ile hapa walisali milango imefungwa, na aliyekuja kukaa nje ya geti bila kuitwa ni jirani mwenye duka, Muislamu, alikaa na kiti chake mpaka ibada ikaisha. Aliniambia hivyo akaendelea kugawa vitabu vya nyimbo. Siku hizi kuna kazi kubwa ya kuwakutanisha viongozi wa dini zote, na kanisa letu liko ndani yake pamoja na wamisionari wa Denmark, Danmission, na mi nashukuru ipo ila kile kiti cha mwenye duka ndo kimebaki kichwani mwangu.

Liturujia ni ileile, unafumba macho uko Machame. Ila somo liliposomwa nikasikia tofauti, msomaji ni kijana aliyekulia hapa hapa kwa mjomba wake na anasoma kwa lafudhi ya Unguja, dh na th na gh zote zimekaa mahali pake. Nikamkumbuka Karl Roehl. Huyu alikuwa mmisionari wa Kilutheri aliyetafsiri Biblia ya Kiswahili, Agano Jipya lilitoka 1930 na Biblia nzima 1937, na alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu ayaweke ya Kibantu. Mi namheshimu kwa kazi ile, kutafsiri Biblia nzima si mchezo, lakini nikiwa nimekaa pale nikawaza angeisomaje hapa, kwenye mji ambao mtu hawezi kuomba samahani wala kutoa shukrani bila neno la Kiarabu? 1952 ikatoka ile ya pamoja inayotumika mpaka leo na maneno hayo yamo, na yule kijana alipofika kwenye "rehema" na "dhambi" na "baraka" aliyasema kama maneno ya nyumbani kwao.

Tangazo la wageni likafika, nikasimama. Nikasema jina langu na kwamba nimebatizwa kwenye usharika huu, namba yangu iko daftarini. Kanisa zima likapiga makofi, na bibi mmoja mbele akageuka akanitazama mpaka nikakaa.

Baada ya ibada mnada. Wanaojua KKKT wanajua mnada wa mavuno ulivyo, ila wa hapa una ya kwake. Embe, madafu, mkungu wa ndizi, muhogo, jogoo mmoja mkali amefungwa miguu, shazi la vitunguu. Karafuu hakuna ingawa ndo zao la kisiwa, maana karafuu zinauzwa kwa shirika la serikali tu na kanisa halitaki kesi. Mnadishaji ni yule askari polisi wa jumuiyani, hapa sauti kaiachia yote, jana alikuwa ananong'ona. Nazi moja ilianza kwa elfu moja ikagombewa na kwaya ya vijana na umoja wa wanawake mpaka ikafika elfu arobaini na tano na walioshinda wakaitoa tena inadiwe upya. Hela ni ya paa, upande wa kushoto panavuja. Chai ikanywewa ndani, na dada mmoja akaniambia mwezi wa Ramadhani chai ya baada ya ibada inafutwa kabisa, hakuna anayelalamika.

Kabla sijaondoka nilirudi ofisini na mwinjilisti, tukapiga picha kila ukurasa wa daftari kwa simu yangu, mimi nashika pembe yeye anapiga. Kurasa themanini na nne. Tumekubaliana nakala moja ikae kwake, moja kwangu, moja niipeleke dayosisi mwenyewe kwa mkono. Ile herufi iliyopungua kwenye jina langu aliuliza kama nataka airekebishe. Nikamwambia aiache ilivyo.

Jumatatu

Boti ya asubuhi. Mwenyeji wangu kanifungia mkate wa ufuta na chupa ya maji, nikamuuliza maji ya wapi akasema tu, "Ya Kikwajuni, nilipita jana jioni." Kwenye chupa ya soda iliyooshwa vizuri. Naipeleka kaburini kwa baba Desemba tukienda Machame.

Ndani ya boti nikakutana na yule wa forodha wa jumuiya ya Jumamosi, yuko na mabegi matatu na godoro limekunjwa. Kumbe na yeye kahamishwa, Dar, alikuwa hajamwambia mtu siku ile. Mfukoni ana bahasha ya kaki ya mwinjilisti, barua ya kumtambulisha aendako, ameitoa mara mbili kuangalia kama ipo. Aliniuliza atakapopanga ni Kimara, je kuna usharika karibu? Nikamwambia upo, nikamwelekeza pa kushukia daladala na saa ya ibada ya kwanza, akaandika kwenye simu, akairudisha bahasha mfukoni akafunga kifungo.